Gari Lililonukia Sambusa

Gari la Bashiru lilikuwa limeanza kuteremka kinyumenyume kutoka juu ya mwamba, magurudumu ya nyuma yameshagusa udongo na ya mbele bado yako juu ya jiwe, pale Sihaba alipotoka jikoni na unga mikononi. Akasimama mahali ambapo mumewe asingeweza kujifanya hamwoni.

"Tuelewane, Baba Nusrat," alisema. "Likisukumwa leo mbele ya wakwe, linauzwa."

"Halitasukumwa."

"Sijakuuliza kama litasukumwa. Nimesema likisukumwa."

Injini ikakohoa, ikashika. Mzee Luhende, jirani yao, aliyekuwa ameketi kiti cha mbele na fimbo katikati ya magoti, akaligonga gari kifuani kwa kiganja, namna watu wanavyompiga dume mgongoni sokoni. Nyuma alikaa Safia, dada mkubwa wa Bashiru, amevaa kanga ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Akasema waondoke sasa hivi, kabla gari halijaghairi.

Kisesa kulikuwa na akika. Nusrat, binti wa Bashiru na Sihaba, ameolewa na mtoto wa mzee Kashindye na amejifungua mtoto wa kiume, na siku hiyo mtoto alikuwa ananyolewa nywele na kupewa jina. Upande wa baba wametoa mbuzi na pilau. Upande wa mama waliahidi sambusa na maandazi. Mpango ulikuwa rahisi: Bashiru awapeleke kwanza Safia na mzee Luhende, wakae na wenyeji, halafu arudi Mkolani kumchukua Sihaba na mabeseni yake yakiwa bado ya moto.

Shida ya mpango huo ilikuwa gari. Lilikuwa limesukumwa mara nyingi mno pale mtaani, hata majirani walishajua nani anashika buti upande wa kulia na nani wa kushoto. Sihaba alikuwa anataka friza la kuhifadhia samaki wake wa biashara, na alikwisha kulitazama, akajua litakaa kona ipi ya sebule, na litatoka wapi. Litatoka kwenye gari. Alichokuwa anasubiri ni sababu ambayo hata Bashiru mwenyewe asingeweza kuibishia.

Bashiru aliijua hiyo sababu ikoje. Ndiyo maana siku ya jana yake hakumpelekea gari fundi yeyote. Alilifanyia huduma mwenyewe, nyumbani, juu ya mwamba.

Mwamba ule wengine wangeulaani. Umekaa katikati ya ua kama ng'ombe aliyelala, na wakati wa kujenga mafundi waliushindwa kwa nyundo na kwa moto. Bashiru tu ndiye aliyeona kwamba una mgongo bapa na upande mmoja umelala polepole hadi chini. Ukipandisha gari pale, pua inaenda juu, na chini yake inabaki nafasi ya mtu mzima kujilaza chali. Wenye gereji wanachimba shimo. Yeye Mungu alimpa jiwe.

Kila Jumamosi isiyo na msiba alikuwa pale. Alitandika gunia, akapanga spana kwa ukubwa, ndogo kushoto. Plagi alizisugua kwa mswaki mkuukuu. Chujio la hewa aliligonga kwenye shina la mpapai mpaka vumbi likaisha, na lilipokuwa haliishi aliligonga tu kwa ajili ya kuligonga. Betri aliifungua vifuniko akaitazama maji yake, kila tundu, kama anayechungulia visima. Tangu astaafu ghala la pamba hakuna mahali pengine ambapo watu walimkuta ameinama na wakangoja amalize. Sihaba alisema mwanamume akikaa chini ya gari hawezi kutumwa dukani. Hilo lilikuwa na ukweli wake pia.

Mzee Luhende hakuwahi kuendesha gari maishani mwake, ila hakukosa Jumamosi hata moja. Alikuwa na jiwe lake dogo la kukalia na kopo lake la rangi tupu. Oili chafu ilikuwa yake: aliipaka kwenye nguzo za uzio, mchwa wasile. Wakati anangoja idondoke alitoa ushauri. Alishauri nati ikazwe, ikishakazwa akashauri isikazwe sana.

Jana hiyo Bashiru alikuwa na mafua. Pua imeziba kabisa, macho yanamtoka machozi. Alimwaga oili ya zamani, akarudisha nati, akapanda juu, akafungua boneti, akaomba aletewe oili mpya kutoka stoo. Oili hiyo aliinunua ya kupima, na kwa sababu chombo chake kilikuwa kinavuja, muuzaji alimtilia kwenye dumu la njano, lile lile ambalo nusu ya Mwanza inawekea kila kitu. Sihaba naye, siku hiyo hiyo, alikuwa amepimiwa mafuta ya alizeti dukani kwa Chenge, pale kwenye kona, kwenye dumu la njano. La mwanamke liliwekwa stoo lipoe kivulini, likiwa limezibwa kwa gunzi. La mwanamume liliwekwa stoo, limezibwa kwa nailoni.

Luhende aliingia stoo akatoka na dumu la mbele. Gunzi alilitupa njiani, maana alijua mwenzake hapendi kuona takataka kwenye kazi yake. Bashiru akaliinua dumu kwenye jua. Rangi ya asali, safi, inapita mwanga. Akasema, "Unaona hii? Hii ni oili." Luhende akasema anaiona. Faneli haikuonekana, basi Bashiru akamimina hivi hivi kwa mkono, nyingine ikaingia na nyingine kidogo ikatiririka ubavuni mwa injini. Alifunga boneti kwa viganja viwili, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka.

Siku ya akika walipita Buhongwa vizuri. Injini ilikuwa laini, laini hata kupita siku nyingine, na Bashiru alilisema hilo mara kadhaa ili dada yake akamfikishie Sihaba. Gari halikugonga, halikutetemeka. Aliendesha mkono mmoja.

Karibu na Usagara, Safia akauliza nani amebeba sambusa.

Hakuna aliyebeba. Safia akasema yeye si mtoto, anajua harufu ya kitu kinachokaangwa, na kama mzee Luhende ameficha kitu mfukoni hiyo si tabia nzuri, watu wametoka nyumbani na chai kavu. Luhende akageuza mifuko ya koti nje. Kulikuwa na tumbaku na risiti. Safia akamwambia avue kofia. Akavua. Baada ya hapo Luhende mwenyewe akaanza kunusa hewa, akakiri kwamba kweli kuna kitu, na kwamba tumbo lake limeanza kunguruma. Bashiru, na pua yake ya zege, alisema njaa inawadanganya.

"Bashiru," Safia alisema, "inatoka mbele. Inatoka kwenye gari lako."

Mtu mwenye gari kama lile hasimamishi popote. Bashiru alitafuta kwanza mteremko, akaegesha pua ikitazama chini, akaacha injini inaunguruma, maana hakuiamini kuizima. Akafungua boneti. Ubavuni mwa injini, pale palipomwagikia, palikuwa panatoa povu dogo la dhahabu linalochemka. Akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akakisogeza puani, hakupata kitu. Akampa Luhende.

Luhende alinusa. Kisha, bila kuombwa, akalamba.

"Alizeti," alisema. "Na ni nzuri."

Walisimama pale, malori yakiwapita na kuwapulizia vumbi. Luhende alianza kueleza kwamba yeye alichukua dumu la mbele tu, hakuna aliyemwambia la nyuma, na kwamba aliyelitazama kwenye jua na kusema hii ni oili si yeye. Bashiru hakumsikiliza. Alikuwa anahesabu kwa njia nyingine: kama alizeti iko hapa, oili iko wapi. Oili iko stoo, kwenye dumu la njano. Na muda huu mkewe ameshaweka karai jikoni.

"Mpigie," Safia alisema.

Alisema atampigia wakifika.

"Watu wazima na watoto watakula hicho kitu kwenye akika ya mjukuu wako. Mpigie."

Alichukua simu, lakini kidole kikakaa juu ya jina bila kubonyeza. Akipiga, gari limekwenda. Sihaba hatahitaji hata lisukumwe. Akajaribu kutafuta maneno ya katikati. Labda amwambie asikaange, wakwe wamebadilisha, wanataka mkate. Labda amwambie mafuta yameharamishwa. Luhende akapendekeza amwambie kuna nge amezama kwenye dumu. Hilo la nge Bashiru alilipenda, akabonyeza.

Simu ya Sihaba sikio lake lilikufa zamani, huongea kwa spika tu, kila anayepita asikie. Ilipokelewa katikati ya kelele.

"Baba Nusrat, ngoja kwanza," sauti ya Sihaba ilisema. "Niko kwa Chenge. Nipo na mwizi hapa."

Na yeye ndiye aliyesimulia, kwa Bashiru na kwa watu wote waliokuwa dukani. Kwamba ameweka karai, mafuta yakatoa moshi mweusi. Kwamba alitumbukiza andazi moja la kujaribia, likatoka kama kaa la mkaa, linanuka gereji. Kwamba alimtupia paka wa jirani, paka akalinusa akaondoka zake. Huyu Chenge, aliyemwamini miaka yote, ambaye mama yake alipokufa yeye Sihaba ndiye aliyepika, leo anauzia watu mafuta ya magari na wageni wanamsubiri Kisesa. Kwa nyuma ilisikika sauti ya Chenge, nyembamba, ikisema, "Mama Nusrat, mimi nayapata Singida, hata mwanangu anayala." Mwanamke mwingine alisema na yeye wiki iliyopita tumbo lilimuuma. Wa tatu akakumbuka naye.

Bashiru aliisogeza simu mbali na uso wake akaitazama.

Luhende aliinama karibu. "Nyamaza," alinong'ona. "Hajakaanga. Hakuna atakayekula. Mungu ameshakufunika, usijifunue mwenyewe."

Na ilikuwa kweli. Sambusa zimeokoka. Paka ameokoka. Ingetosha kusema pole mke wangu, tafuta mafuta kwingine, halafu jioni dumu la oili lingepotea na mambo yangekwisha. Gari lingebaki juu ya mwamba wake. Ni Chenge tu ndiye ambaye asingekuwa na duka baada ya wiki mbili, maana mtaa ule ukishasema mafuta yako ni ya gereji, hata chumvi yako hawanunui.

 Safia alikuwa ametoa kichwa dirishani, anamtazama mdogo wake jinsi alivyokuwa akimtazama zamani walipokuwa wadogo na chungu kimevunjika.

"Mama Nusrat," Bashiru alisema.

"Nimekwambia ngoja, namalizana naye."

"Mwachie Chenge. Mafuta yake ninayo mimi."

"Unayo vipi?"

"Nimeyatia kwenye gari. Ulicho nacho wewe ni oili."

 Gari pembeni ya Bashiru liliendelea kuunguruma kwa utulivu, likitoa harufu ya jikoni.

"Rudia," Sihaba alisema. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu alijua sasa si yeye peke yake anayesikia. Mtu mmoja dukani alianza kucheka, akashika mdomo, kicheko kikatoka puani. Kisha wote. Yule wa tumbo akasema, kusema kweli, yeye wiki iliyopita alikula maharage yaliyolala.

Sihaba aliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayechagua njia kwenye matope.

"Limezima?"

"Halijazima."

"Basi usilizime. Fika."

Walifika. Kwa Kashindye walikuwa wametandika turubai na viti vya plastiki, na gari lilipoingia uani upepo ulikuwa unatoka nyuma yake. Wenyeji wote wakainua pua. Mama mkwe wa Nusrat, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo, alikuja kumpokea Safia begi akasema jamani wakwe, mmetuheshimu, mmekuja na vitu vya moto. Akaenda moja kwa moja kwenye buti. Ndani mlikuwa na jeki, tairi la akiba na kamba ya kuvutia gari. Alilifunga tena taratibu, akasema labda viko kwa ndani.

Bashiru alilazimika kusimama mbele ya watu, amevaa kanzu, akaeleza. Alieleza mara moja kwa Kashindye, tena kwa kaka zake Kashindye, na mara ya tatu kwa sheikh, ambaye aliuliza kwa heshima kabisa kama gari lilikuwa limefunga linafuturishwa. Nusrat alitoka ndani na mtoto kifuani, akamwamkia baba yake shikamoo, kisha akaingia tena haraka, mabega yanatikisika.

Bashiru hakuweza kuliwasha gari tena hivyo hivyo. Alizeti ikikaa kwenye moto ule itaganda iwe gundi, hilo alilijua. Ilibidi imwagwe, itiwe oili, na mzee Kashindye akamtuma mtu madukani barabarani kuileta. Lakini Kisesa pale ni tambarare, hakuna mwamba hata wa dawa. Jeki ilikuwa na kutu, ikapanda kidole kimoja ikakataa.

"Mkwe hawezi kujilaza chini ya gari lililoshikiliwa na jeki ya kutu," Kashindye alisema. Akaita ukoo. Wanaume wakavua viatu vya sherehe, wakakunja kanzu viunoni, wakalishika gari upande wa mbele na kulinyanyua juu ya magogo mawili yaliyokuwa ya kuni za pilau. Bashiru alipewa gunia na suruali ya kuazima, akaingia chini. Nje zilibaki soksi zake, moja ikiwa imetoboka, na wifi mdogo wa Nusrat, bibi harusi wa mwaka uliotangulia, alizisimamia akizitazama kwa huruma.

Ni wakati huo huo ukoo wote ulipokuwa umezunguka gari ndipo toyo lilipoingia uani. Lilikuwa toyo la Chenge la kubebea mapipa, lenye magurudumu matatu, na Chenge mwenyewe anaendesha. Nyuma, katikati ya mapipa mawili ya alizeti, juu ya kigoda cha jikoni, alikaa Sihaba na baibui lake jipya, beseni la sambusa mapajani na la maandazi miguuni, vumbi la njia nzima limemtulia kwenye nyusi. Alikuwa amemwomba Chenge radhi mbele ya watu wale wale. Chenge alikuwa amejibu kwa kumpimia mafuta mengine, akafunga duka, akamsubiri nje akaange, ili kila mtu aone sambusa zimekaangwa kwa mafuta gani.

Sihaba hakuteremka. Aliangalia magogo, akaangalia wanaume waliokunja kanzu, akaangalia ile soksi.

"Limesukumwa?" aliuliza.

 Watu wa Kisesa hawakujua habari ya mapatano, ila walijua sauti ya mke.

"Halikusukumwa," ilijibu sauti kutoka chini ya gari. "Limeinuliwa."

Sihaba alilifikiria jambo hilo. Chenge akaangalia pembeni. Halafu mwanamke akamkabidhi Kashindye beseni la kwanza, akashuka kwa kushikwa mikono miwili, akajikung'uta, akasema basi na wale kabla hazijapoa.

Mtoto alinyolewa siku hiyo, akapewa jina Jumbe, la babu yake Sihaba. Sambusa ziliisha kabla ya pilau. Gari lilirudi Mkolani kwa oili yake halali, likatoa moshi wenye harufu ya mgahawa kwa wiki mbili, likaacha.

Sihaba hakulitaja tena la kuuza. Ni Bashiru aliyelitaja, na akagundua hakuna anayelitaka, kwa kuwa mtaa mzima ulisikia kwenye spika lilichonyweshwa. Aliyelinunua ni Chenge. Alisema mtu aliyejisema mwenyewe wakati angeweza kunyamaza, gari lake halina cha kuficha. Analibebea madumu.

Friza lipo sebuleni, kona ile ile, na samaki wa Sihaba hawaozi. Safia amerudi kwake Kirumba na anaisimulia safari hiyo kwenye kila shughuli, na katika masimulizi yake Luhende alilamba kijiti mara tatu. Luhende aliipaka nguzo zake ile alizeti ya injini, siafu wakazipanda kuanzia chini mpaka juu, ikabidi azing'oe. Nusrat ana mimba nyingine.

Chenge hana mahali pa kulifanyia gari huduma, maana duka lake liko kwenye tambarare. Kila Jumamosi isiyo na msiba hulileta, akalipandisha juu ya mwamba, akaacha ufunguo. Bashiru hutandika gunia na kupanga spana, ndogo kushoto. Akiomba oili, Sihaba hutoka jikoni, akafungua dumu, akanusa kwanza, ndipo akampa.